Cheo cha Shinuchi: Juu ya Malezi ya Wasimulizi wa Kijapani

Wajapani wanayo sanaa moja ya maneno iitwayo rakugo, nayo yafaa kuchunguzwa na kila mwalimu, si kwa ajili ya vichekesho vyake tu, bali kwa jinsi wanafunzi wake wanavyolelewa. Msimulizi huketi peke yake juu ya mto, amepiga magoti, wala hana chombo ila upepeo wa kukunja na kitambaa cha mkono. Watu wawili wakisemezana katika kisa, yeye hugeuza uso kidogo upande huu, kisha upande huu, na wasikizaji hujua ni nani asemaye. Kisa huishia kwa neno moja liangukalo ghafula na kuwachekesha watu, na humo ndimo lilimotoka jina la sanaa.

Katika mji wa Tokyo mwanafunzi hupanda kwa vyeo. Kwanza ni minarai, yaani ajifunzaye kwa kutazama. Akikubaliwa kuingia katika kumbi huitwa zenza, aketiye mbele. Kisha huwa futatsume, wa pili. Na mwisho shinuchi, ambaye ana haki ya kufunga masimulizi ya siku na kuwa na wanafunzi wake mwenyewe. Safari yote yapata miaka kumi na mitano hivi. Osaka hawavifuati vyeo hivi.

Neno la kwanza linalomshangaza mgeni ni kazi za zenza. Huyo huwapikia wakubwa chai, naye hana budi kukumbuka ni nani aitakaye moto na ni nani aitakaye ya vuguvugu. Hukunja nguo zao, hupiga ngoma, huugeuza mto msimulizi mmoja akiondoka na mwingine akija, na kufunua karatasi yenye jina la ajaye. Haruhusiwa kuvaa haori, joho fupi la wakubwa. Kisa chake husimuliwa mapema kabisa, watu wangali wakitafuta mahali pa kukaa. Miaka mitatu, minne au mitano hupita hivi. Zamani pwani yetu mwanafunzi wa kazi alimtolea fundi ufito alipoanza, na kilemba alipohitimu. Kwa Wajapani hawa mwalimu hapokei ada yo yote, tena mara nyingi yeye ndiye amlishaye mwanafunzi.

Je, huu ni utumwa uliovikwa jina la elimu? Wako wasemao hivyo, na sidhani kwamba wamekosa kabisa, kwa kuwa mwalimu mvivu aweza kumtumia kijana kama mtumishi wala asimfundishe neno. Lakini mwenye kupiga ngoma nyuma ya pazia husikia kila siku wakubwa zaidi ya kumi. Husikia kisa kilekile mbele ya umati wa sikukuu, tena mbele ya watu wachache siku ya mvua; huona mkubwa akikata maneno hapa na kunyamaza pale, kwa sababu leo watu ni wazito. Hayo hayamo katika kitabu. Hata ile chai ina maana, kwani asiyeweza kuutambua uso wa mzee mmoja aliyechoka atautambuaje uso wa ukumbi mzima?

Desturi ya kufundisha kisa nayo ni ya sikio. Zamani mwalimu alikisema mara tatu, mwanafunzi amekaa mbele yake pasipo kuandika, kisha mwanafunzi akatakiwa kukirudisha. Si kwamba waliyadharau maandishi. Mwaka 1884 masimulizi ya San'yutei Encho yaliandikwa kwa hati za mkato yakapigwa chapa, na Futabatei Shimei, aliyeanza kutoa riwaya yake Ukigumo mwaka 1887, alitafuta katika usemi wa Encho njia ya kuandika kama watu wanenavyo. Basi waandishi walikwenda kujifunza kwa wasimulizi. Jambo hili latuhusu sana sisi tuandikao kwa ajili ya shule, maana mara nyingi twafanya kinyume, tukataka watu waseme kama vitabu vyetu.

Cheo cha futatsume nitakipita upesi. Kijana huvaa haori, huachiliwa kazi za chai, na papo hapo hugundua kwamba hakuna amwitaye kusimulia. Yampasa ajitafutie wasikizaji, yapata miaka kumi.

Ugomvi wenyewe uko juu ya cheo cha mwisho: je, hutolewa kwa miaka, au kwa ustadi? Kokontei Shincho alianza mwaka 1957, akafanywa shinuchi mwaka 1962, akiwapita wakubwa zaidi ya thelathini. Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Wengine walikuwa wakingoja, hata safu ikawa ndefu mno. Ndipo Yanagiya Kosan wa Tano, alipokuwa mkuu wa chama cha wasimulizi, akaanza kuwapandisha wengi kwa pamoja. San'yutei Ensho wa Sita, aliyekuwa mkuu kabla yake, alikataa, na mwaka 1978 akatoka chamani pamoja na wanafunzi wake.

Ensho alikuwa na haki katika neno moja: jina wanalopewa wote halipimi kitu. Kosan naye alikuwa na hoja, kwamba shinuchi ni mwanzo wa kazi ya mtu mzima, na kumzuia mlangoni mtu wa miaka arobaini hakumfanyi kuwa hodari. Ninalomlaumia Ensho ni dawa aliyoichagua. Kumbi za Tokyo hazikuwapokea waliotoka, na walioumia kwanza ni wadogo, ambao hawakugombana na mtu. Ensho alifariki mwaka 1979. Mwaka uliofuata wengi wa wanafunzi wake walirudi chamani, lakini Enraku wa Tano hakurudi; alijenga ukumbi wake mwenyewe, Wakatake, mwaka 1985, nao ulifungwa mwaka 1989.

Chama kilijaribu mtihani, na mtihani ukazaa ugomvi mwingine. Mwaka 1983 wanafunzi wawili wa Tatekawa Danshi walishindwa, naye akatoka kwa hasira, akaanzisha jamaa yake mwenyewe. Humo alitaka futatsume ajue visa 50, na shinuchi 100. Hesabu ni rahisi kuikagua. Lakini visa mia vilivyokaririwa vibaya ni nini?

Hata hivyo liko jambo moja linalonisumbua, wala sitalificha. Tatekawa Shinosuke aliingia kwa Danshi mwaka huohuo wa 1983, akalelewa nje ya kumbi, pasipo ile shule ya nyuma ya pazia niliyoisifu. Alikuwa shinuchi mwaka 1990, naye amehesabiwa miongoni mwa wasimulizi wanaopendwa kupita wote wa siku zake. Watetezi wa kumbi husema kwamba alikuwa na kipawa cha pekee. Yawezekana, lakini Danshi mwenyewe alikuwa amelelewa katika kumbi hizo tangu ujana, na aliyoyasikia huko aliyachukua alipotoka.