Kinyago Kikiitwa Zawadi

Katika darasa la itikadi tawini Vingunguti, ndugu mmoja alituuliza: kinyago kina uhusiano gani na ukombozi? Jibu tulitafute katika historia.

Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yaliingiliwa na wezi. Kinyago cha Kimakonde cha kuvaliwa kichwani kikaibwa pamoja na vitu vingine 16. Mwaka 1985 kilinunuliwa Paris na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva, ambalo lilisema lilinunua kwa nia njema. Mwaka 1990 kilitambuliwa, na Tanzania ikakidai. Kilirudi Mei 2010, baada ya miaka 20. Hata hivyo, mapatano hayakusema kwamba mali imerudi kwa mwenyewe. Yaliita tendo hilo zawadi.

Hapo ndipo tunapopinga. Mtu hapewi zawadi ya mali yake. Neno hilo humgeuza mnunuzi kuwa mfadhili, na aliyeibiwa kuwa mdaiwa wa shukrani.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Familia ya Barbier-Mueller ilikusanya pia sanamu za watu kutoka Mexico na nchi jirani, zilizochongwa kwa mawe au kufinyangwa kwa udongo kabla ya Wahispania kufika. Machi 2013 zilipigwa mnada Paris. Serikali ya Mexico ilipinga, lakini mnada ukaendelea. Jasho la mchongaji lilisahauliwa. Kilichojadiliwa ni bei.

Lakini tujikosoe pia. Kwa Wamakonde, lipiko halikuwa pambo la ukutani. Lilichezwa ngomani vijana walipotoka jandoni, na asiyepitia jando hakutakiwa kumjua aliyelivaa. Leo wengi wetu tunakiona kinyago kuwa bidhaa ya mtalii tu, na mchongaji wa mpingo kuwa mchuuzi. Ikiwa nasi tunakipima kwa bei pekee, tutaupinga mnada wa Paris kwa hoja gani?

Kwa hiyo kada anayo kazi: awapeleke wananchi makumbusho, awasikilize wachongaji wazee, na akisimulie kisa hiki matawini bila kukipamba. Na jibu letu kwa ndugu wa Vingunguti ni hili: taifa lililojikomboa huita mali yake kwa jina lake. Kilichoibwa kikirudi, kimerudishwa, hakikutolewa zawadi.