Rasimu Haitaki Watazamaji

Kila mtu husifu Google Docs kwa sababu ileile: watu watano wanaweza kuandika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna tena mafaili saba yanayoitwa "final". Ni kweli. Ila chombo cha kuandikia hakipimwi kwa kasi pekee. Kipime pia kwa vile kinavyomtendea mwandishi ambaye bado hajui anataka kusema nini.

Wazo hili si la jana. Etherpad, iliyotoka 2008, ilimpa kila mwandishi rangi yake na kuhifadhi kila alichobonyeza, hivi kwamba ungeweza kurudisha maandishi nyuma kama video. Mwaka uliofuata Google wakatangaza Wave, kisha wakainunua kampuni iliyounda Etherpad. Kwenye Wave, mwenzako aliona herufi zako zikitokea moja moja, hata zile ulizokuwa karibu kufuta. Agosti 2010 Google wakasema hawaiendelezi tena. Watumiaji walikuwa wachache kuliko walivyotarajia. Tabia yake ikabaki. WhatsApp angalau ina uungwana: inakwambia tu kwamba mtu anaandika, maneno yenyewe yanangoja hadi atume. Docs haingoji.

Sisi wasee tunaoishi kwa kazi za mtandaoni tunalijua hili vizuri. Mteja akiingia kwenye faili, kishale chake chenye jina kikianza kumetameta pale juu, sentensi zako zinavaa tai. Unaandika kile ambacho hakitakuaibisha, basi. Na siku hizi kuna wateja wanaodai kuona historia ya marekebisho ndio waamini hukutumia AI. Rasimu imegeuzwa ushahidi, na anayejua atakaguliwa hathubutu kujaribu kitu.

Hata hivyo, tusikitupe chombo chote. Ile njia ya kupendekeza, ambapo badiliko la mhariri halikai mpaka ulikubali, ina adabu: mgeni anabisha hodi kwanza. Kwa kuhariri, na kwa vile ni bure, sioni cha kuishinda.

Lakini kuandika ni kazi nyingine kabisa. Wali ukifunuliwa kila dakika hauivi. Kwa hivyo anzia mahali pa peke yako, hata kama ni kwenye simu bila bando, ukosee huko kwa raha zako. Ukishajua unachosema, tuma linki.