Mkunguru na Degedege: Maneno ya Homa katika Njia ya Unyanyembe

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikakata nyika ya Ugogo, ikafika Unyanyembe penye mji wa Tabora, kisha ikashuka mpaka Ujiji ziwani. Habari zake za pembe, nguo, hongo na watumwa zimeandikwa kwa wingi. Habari za maneno yaliyochukuliwa katika njia hiyo pamoja na mizigo zimeandikwa kwa uchache, na za majina ya maradhi kwa uchache zaidi. Kati ya majina hayo mawili yastahili kuwekwa pamoja mbele ya wachunguzi wa lugha: mkunguru na degedege. Kamusi huyatenga, moja katika herufi ya D na la pili katika herufi ya M, na hilo halina budi. Lakini maelezo yake nayo huyatenga, kana kwamba maneno hayo hayajapata kukutana katika mwili wa mtu. Hapo ndipo penye dosari.

Mkunguru ni homa ya mgeni. Aliyetoka pwani akaenda bara, au aliyeshuka pwani kutoka bara, hutazamiwa kuupata katika siku zake za kwanza. Akipona huhesabiwa kuwa amekwisha kuzoea maji na hewa ya mahali. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, katika Unyanyembe, mwezi wa Novemba mwaka 1857, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 Burton alilitaja neno hili na kulieleza kuwa ni homa ya kuizoea nchi. Henry Stanley, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1871, alilitumia mara nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1872, akiliandika kama alivyolisikia kwa watu wa bara, yaani kwa silabi mu- mwanzoni.

Wasafiri hawa walilisikia neno vizuri. Kulifasiri ndiko kulikowashinda, na Stanley hasa. Mikononi mwake mkunguru umekuwa jina la homa ya Unyamwezi, kana kwamba nchi ile ilikuwa na sumu yake yenyewe. Kiswahili hakisemi hivyo. Neno linataja hali ya mwili usiozoea, wala halitaji nchi. Mnyamwezi aliyeteremka na mzigo hadi Bagamoyo aliweza kuugua mkunguru huko sawasawa na Mswahili aliyepanda Tabora. Katika neno moja mna elimu nzima ya kinga ya mwili, ijapokuwa haikuandikwa na tabibu. (Mtafuta asili za maneno atavutwa na kunguru aliyemo ndani ya mkunguru, na hasa akikumbuka kwamba degedege nayo ina ndege. Ukaribu wa sauti si ushahidi, na heri kunguru aachwe aruke zake.)

Vitabu vya njia ile vina upungufu mwingine ulio mkubwa kuliko tafsiri. Mgonjwa wake karibu siku zote ni mtu mzima, naye ni msafiri. Mtoto huonekana kwa nadra, tena kama mtumishi: Kalulu, ambaye Stanley alipewa na mfanyabiashara wa Kiarabu huko Unyanyembe, anajulikana kwa jina lake na kazi zake. Hata hivyo wanawake na watoto walifuatana na misafara ya Wanyamwezi, na nyuma ya kila mpagazi palikuwa na nyumba. Homa za nyumba hizo hazikuingia katika daftari la msafiri, kwa sababu msafiri alilala uani, akaondoka alfajiri. Kwa hiyo mkunguru, neno la njiani, liliingia vitabuni mapema. Degedege, neno la chumbani, lilibaki midomoni mwa mama na bibi.

Umbo la neno degedege laonekana wazi. Dege ni ndege aliyekuzwa, naye ametajwa mara mbili. Kamusi huligawia maana mbili: mdudu arukaye usiku mfano wa nondo, na maradhi ya watoto yenye mtukutiko wa viungo. Hapo kamusi huishia, nazo zimeishia mapema. Kwa mzungumzaji maana hizo mbili ni moja: mdudu au ndege yule amepita juu ya mtoto, na mtoto ameshikwa. Mtunga kamusi aliyezitia namba ya kwanza na ya pili ameandika dalili akaacha fikira, na fikira ndiyo imwongozayo mzazi kuamua aende wapi usiku ule.

Jambo hili lilidhihirika Bagamoyo, penye kinywa cha njia yenyewe, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996. Wachunguzi waliowauliza wazazi walikuta kwamba homa ya malaria ilihesabiwa kuwa maradhi ya kawaida yanayotibika kwa dawa za hospitali, na degedege kuwa maradhi mengine kabisa, yenye asili ya ndege au shetani, ambayo mahali pake ni kwa mganga. Tena wako walioamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Kumbe mtoto yule yule aliyekuwa na homa ya malaria jana ndiye aliyeshikwa na degedege leo, kwa kuwa vimelea vimekwisha kuziba mishipa midogo ya ubongo. Jina lilipobadilika njia ya tiba nayo ilibadilika, katika saa ambayo haikufaa kupotezwa. Haifai kusema kwamba wazazi wale walikuwa wajinga: walitenda sawasawa na lugha yao ilivyowaagiza. Wala lugha haikukaa pale pale. Uchunguzi wa Kilombero na Ulanga uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wazazi wengi wa huko waliwapeleka watoto wenye degedege katika vituo vya afya.

Daraja kati ya maneno haya mawili lilikuwa limekwisha kujengwa mapema, ila hakuna aliyelivusha katika Kiswahili. Katika miaka ya 1899 na 1900 Robert Koch, akichunguza damu za wenyeji wa New Guinea, aliona kwamba vimelea vya malaria vilijaa katika damu za watoto wadogo na vilikuwa haba katika damu za watu wazima. Mtu mzima alikuwa amenunua kinga yake kwa homa za utotoni. Mwenye kujua Kiswahili aliyesoma habari hiyo angetambua mara moja kwamba Koch anaueleza mkunguru. Waswahili humwita mtoto mchanga mgeni, na kwa upande wa malaria neno hilo ni kweli tupu: mwili wake haujazoea. Degedege ya malaria ndiyo mkunguru wa mgeni asiyetoka safarini. Kama maelezo ya kamusi yangaliyakutanisha maneno haya, mwalimu wa afya angalikuwa na hoja ya kumwambia mama kwa maneno aliyokwisha kuyajua.

Liko jina la tatu katika njia hiyo hiyo, nalo ndilo bora kuliko yote: homa ya papasi. Mwaka 1905 Koch alikuwa katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, akaonyesha kwamba papasi wakaao katika vibanda vya kupumzikia misafara hubeba vijidudu vya homa irudiayo. Mwaka huo huo Joseph Dutton na John Todd walithibitisha jambo hilo katika Kongo, na Dutton akafa kwa homa hiyo Kasongo, mji uliokuzwa na biashara ya watu wa pwani. Misafara ilikwisha, na reli ilifika Tabora mwaka 1912; papasi walibaki nyumbani, na katika Tanzania ya baadaye homa yao iliwaangukia hasa watoto wadogo na wajawazito. Huko Mvumi, katika Ugogo, mahali palipokuwa kituo cha misafara, uchunguzi uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kunyunyizia dawa nyumba zenye papasi kulipunguza ugonjwa huo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Sifa ya jina hili ni kwamba linamwonyesha mtu pa kutazama: ufa wa ukuta, sakafu ya udongo, mguu wa kitanda. Mkunguru hauonyeshi mahali, na degedege yaonyesha juu hewani, pasipo na kitu.

Kwa kipimo hicho na tupimwe maneno ya elimu mpya zaidi, inayochunguza maradhi kwa mwanga. Mwanga wa kawaida ni mawimbi yatikisikayo pande zote za njia yake. Ukipitishwa katika kichujio maalumu hubaki mtikisiko wa upande mmoja. Vichujio viwili vikiwekwa msalaba mwanga haupiti, na uwanja wa hadubini huwa giza. Zikiwekwa fuwele fulani katikati, huugeuza mtikisiko zikang'aa gizani. Mabaki meusi ambayo kimelea cha malaria huyaacha baada ya kula damu ni fuwele za namna hiyo. Heinrich Meckel aliyaona mwaka 1847 bila kujua asili yake. Alphonse Laveran, akiyafuata katika damu za askari huko Algeria mwaka 1880, alikifikia kimelea chenyewe. Chini ya mwanga huo kondo la nyuma la mama, damu ya msafiri na ubongo wa mtoto huonyesha nyota zile zile. Lakini mhakiki asiharakishe kulifuta neno la zamani: uvimbe wa utando wa ubongo na homa nyingine nazo huleta mtukutiko, na degedege bado ni jina linalofaa la dalili.

Mawimbi ya mtikisiko wa upande mmoja hutumwa pia kutoka mbinguni. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1, iliyorushwa kwanza mwaka 2014, hupeleka mawimbi ya rada yaliyosimama wima, ikayapokea yanaporudi, ya wima na ya mlalo. Kwa tofauti yake hutambulika maji matupu na majani yaliyosimama ndani ya maji, wala mawingu ya masika hayazuii. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulitumia njia hiyo katika tambarare za Barotse, magharibi mwa Zambia, kutafuta mahali mbu wa malaria wanapoweza kuzaliana. Ramani ya namna hiyo haimwonyeshi mbu. Yaonyesha maji tu. Lakini maji ya Igunga na Nzega, yatuamayo katika udongo mweusi wa mashamba ya mpunga, yana jina lake tangu zamani: mbuga. Geoffrey Milne, mwanachuoni wa udongo, alilitumia neno hilo katika maandishi yake ya Kiingereza miaka ya 1930 kwa kuwa hakupata lililo bora.

Watafsiri wa leo hupendelea ardhi oevu. Ni neno safi la ofisini, nalo limejengwa vizuri, lakini halimwonyeshi mkulima wa Igunga pa kutazama. Mbuga nayo ina dosari yake, maana katika Kiswahili cha magazeti imekwisha kuwa hifadhi ya wanyama, na msomaji wa Dar es Salaam atatazamia tembo palipo na viluwiluwi. Hata hivyo ramani itumike kule ilikochorwa. Ramani ya Tabora iandikwe mbuga, na maelezo yake yaongeze maji ya masika, yatoshe. Ama polaraizesheni, wanafizikia waihifadhi kwa matumizi yao. Muuguzi wa zahanati akiambiwa mtikisiko wa upande mmoja amekwisha kupewa picha ya kazi yenyewe, na kwa neno hilo ataweza kumweleza mama kwa nini damu ya mtoto wake imetazamwa gizani.