Ukomavu wa Mtunzi Katika Albamu ya Pili: Uhakiki wa Racine carrée ya Stromae

Makala haya yanahakiki Racine carrée (2013), albamu ya pili ya Stromae, kwa kuilinganisha na ya kwanza, Cheese (2010). Hoja yake ni kwamba mwanamuziki kijana hakomai kwa kuacha midundo ya kuchezeka na kushika ya huzuni. Hukomaa anapoitwika midundo ileile mzigo ambao mwanzoni haikuubeba.

Stromae, yaani Paul Van Haver, alizaliwa Brussels mwaka 1985. Mama yake ni Mbelgiji. Baba yake, Mnyarwanda, aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Wimbo uliomtangaza, “Alors on danse” (2009), unapanga kazi, madeni na talaka, kisha unaalika watu kucheza. Kejeli hiyo ni kali, lakini ni ya mtazamaji: shida zinazotajwa ni za kila mtu, hivyo hakuna anayezimiliki.

Albamu ya pili inaanza kumtafuta mwenye shida hizo tangu kwenye jina lake. Kwa Kifaransa, racine ni mzizi wa mti na asili ya mtu, na jina zima ni istilahi ya hisabati ambayo Kiswahili huiita kipeuo cha pili. Anayetafsiri kwa istilahi hiyo hupata hesabu na kupoteza nasaba.

Katika “Papaoutai”, maneno ya mtoto anayemuuliza baba yuko wapi yameunganishwa kuwa neno moja, kama yanavyotoka kinywani. Midundo ni ya kuchezeka, na gitaa linakumbusha dansi ya Kongo. Katika video, mtoto anacheza mbele ya baba aliyekauka kama sanamu ya dukani. Mwishoni naye anakauka kando yake. Rwanda haitajwi. “Bâtard” nao unaendeleza maswali kwa kumbana msikilizaji achague: Mhutu au Mtutsi, Mflemi au Mwaloni. Jina “Quand c'est?” linauliza ni lini, na kwa matamshi ya Kifaransa swali hilo linasikika kama jina la ugonjwa wa saratani. Mbinu ni moja: mtunzi anauliza na kumwachia msikilizaji jibu. Hapa desturi ya kutenga fani na maudhui katika sura mbili haifai, kwa sababu swali ndilo fani na ndilo maudhui.

Udhaifu wa albamu unathibitisha hoja hiyo. “Carmen”, unaoazima lahani ya opera ya Bizet kuonya juu ya mitandao ya kijamii, una jibu tayari kabla ya kuanza. Ucheshi wake unavutia, lakini msikilizaji anageuzwa mwanafunzi wa kuonywa. Huko ni kurudi kwenye kejeli ya Cheese.

Oktoba 2015 Stromae aliimba Kigali. Kwa hadhira ya huko, swali la “Papaoutai” haliwezi kuwa la mtoto mmoja tu. Kutoitaja Rwanda, jambo linaloweza kulaumiwa kuwa ni ukwepaji, ndiko kulikoacha nafasi ya wengine kuingia na misiba yao.

Jambo hili linawahusu pia wanaoandaa sera za sanaa katika kanda. Jopo linalopima wimbo kwa “ujumbe” ulioandikwa kwa muhtasari lingeuona “Papaoutai” kuwa malalamiko ya kifamilia, na pengine lingeuzuia “Bâtard” kwa sababu jina lake ni tusi, kabla ya kusikia kwamba tusi hilo linarudishwa kwa wanaowagawa watu. Vigezo vya tuzo, ruzuku na vibali havina budi kudai kwamba wimbo usikilizwe wote, midundo kwa maneno, na kuupa wimbo unaouliza heshima ileile inayopewa wimbo unaohubiri.