Mailo

Usiku wa Juni watu wa Izia, hapa Sumbawanga, hufunga milango mapema. Upepo unashuka kutoka Milima ya Mbizi, viganja vinang'ang'ania kikombe cha chai, nami nazungusha redio kuitafuta Zambia. Redio ya taifa ya huko hutangaza kwa lugha saba za wenyeji, kwa zamu. Yangu ni Kibemba. Hakuna aliyenituma kujifunza, wala hakiniongezei mshahara. Nakipenda.

Nilianza na masikio, na hadi leo sijaona njia iliyonyooka kuliko hiyo. Miezi kadhaa sikuandika neno. Niliiacha lugha ipite kama maji ya kijito, mpaka mawe ya chini yakaanza kuonekana: *lelo* ni leo, *umwana* ni mwana, *ifintu* ni vitu. Irabu ile inayotangulia, ya *umuntu* na *abantu*, humsumbua aliyekulia kwenye Kiswahili kitupu. Kifipa nacho kinayo, kwa hiyo aliyelelewa na bibi wa Ufipa huipokea kama mtu wa nyumbani.

Daftari lilifuata baadaye, na sharti lake ni moja: neno haliingii peke yake. Linaingia na sentensi yake, pamoja na mahali nilipolisikia. Sharti hilo nililipata kwa nauli yangu. Nilikuwa Kasesya, mpakani na Zambia, barabara ya kupitia Matai, nikimngoja mtu aliyeniahidi mzigo wa maharage. Nikamwuliza mama mmoja muuzaji kama amemwona. Akanijibu kwa heshima, "Akesa mailo, mukwai." Daftarini niliandika *mailo* ni jana, basi nikaamini jamaa alikwisha kuja na kuondoka. Nikarudi Sumbawanga mikono mitupu.

Kumbe *mailo* ni jana, na *mailo* ni kesho. Kitenzi ndicho kinachoamua: *aishile mailo*, alikuja jana, *akesa mailo*, atakuja kesho. Nimelitafakari neno hilo mara nyingi nikitembea kwenda kazini. Ni siku inayopakana na leo, iwe upande wa nyuma, iwe upande wa mbele. Kabla ya Kibemba sikuwahi kuwaza kwamba jana na kesho zaweza kukaa chumba kimoja. Kwangu hiyo ndiyo raha yenyewe ya kazi hii, na sijaipata kwa kukariri orodha.

Badala ya orodha, nimegeukia masimulizi. Roy Willis, Mwingereza aliyekuja kuwatafiti Wafipa miaka ya 1960, alitoa mwaka 1978 kitabu kizima juu ya sanaa ya masimulizi yao. Ngano zinataka msikilizaji anayeketi. Nami siku hizi nikikutana na Mbemba stendi, siombi maana za maneno. Naomba anisimulie safari yake, kisha namrudishia kwa maneno yake mwenyewe, anisahihishe. Wao husema *ukumfwa*, na kitenzi hicho kimoja ni kusikia, tena ni kuelewa. Wazee wetu nao humsifu mgeni kwamba anasikia Kiswahili.

Taarifa ya habari inakaribia mwisho. Mtangazaji anazungumza haraka, mawimbi yanakoroma, maneno mawili matatu yananipita. Halafu nasikia *mailo*, wazi kabisa, lakini kitenzi chake kimemezwa na upepo. Nasogeza sikio kwenye spika, huenda akarudia.