Desimali Kwanza

Saa tatu asubuhi inapokaribia, mpimaji wa kituo cha hali ya hewa Bukoba hutoka na daftari na penseli. Ni penseli kwa kuwa wino huchuruzika ukilowa, na mji huu hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikishuka kati ya usiku na asubuhi, radi zikitokea ziwani. Nyuma yake yupo mwanafunzi wa shahada ya hali ya hewa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Hesabu za mwendo wa hewa amekwisha kuzifanya darasani. Huku anafundishwa kutazama.

Wanaanzia kwenye kibanda cheupe cha mbao, kilichoinuliwa kwa miguu, kuta zake za vibao vya mshazari ili upepo upite na jua lisiingie. Ndani mna kipimajoto kikavu, na pembeni yake kingine ambacho tungi lake limevishwa kitambaa chembamba kinachonyonya maji safi. Maji yakivukizwa, kitambaa hupoa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayoonyesha unyevu wa hewa. Mama mpimaji anakunja magoti mpaka jicho lilingane na ncha ya zebaki, kisha anabana pumzi.

"Desimali kwanza, mwanangu. Nyuzi kamili baadaye."

Joto la mwili likisogea tu, zebaki huanza kupanda, na kinachoharibika mapema ni ile sehemu ya kumi. Mwanafunzi anasoma, mama anasoma tena bila kumwambia kama amepatia, ndipo wanalinganisha. Zebaki sasa inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Minamata na vipimo vya kidijitali vinaingia, lakini jicho lililozoea hivi hushtuka upesi kifaa kinapodanganya.

Kwenye kipimamvua hana haraka hata kidogo. Anainua faneli, anatoa chupa, anamimina maji ndani ya gilasi ya kupimia iliyochongoka chini ili hata mvua kidogo isomeke. Anaisimamisha mahali tambarare, anangoja maji yatulie, anasoma chini ya mbonyeo wa maji, si kwenye kingo zilizopanda. Milimita moja hapo ni lita moja kwa kila mita ya mraba ya shamba. Kama kuna matone yasiyofikia kipimo, huandikwa kwamba yalianguka. Uaminifu huo kwa kitu kidogo namna ile ndio ulionivutia kuliko vyote.

Halafu anatazama juu. Anga hugawanywa sehemu nane, naye anahesabu ngapi zimefunikwa, mawingu ni ya aina gani, msingi wake uko juu kiasi gani. Umbali wa kuona anaupima kwa alama anazozijua, moja moja. Kuna sababu ya umakini huo: uwanja wa ndege wa Bukoba umepakana na ziwa, na tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia majini karibu nao wakati wa hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa. Hakuna anayekadiria kwa mazoea hapa.

Ofisini, yote hugeuzwa kuwa mafungu ya tarakimu tano tano na kutumwa Dar es Salaam, wakati ule ule vituo vingine duniani vinapotuma yao.

Mwanafunzi ana kazi nyingine: kuweka tarakimu za Bukoba kando ya zile za vipimamvua vya bara. Mvua ya ziwa hupungua haraka ukielekea magharibi, kwa hiyo dhoruba iliyojaza chupa hapa pwani yaweza kuacha migomba ya Kishanda, huko bara, ikingoja. Mama anampa daftari za miaka iliyopita, mwandiko wa watu mbalimbali, na kumwambia aanze na Aprili.