Nani anasimama katikati ya foto?

Kila mtu aliyejifunza foto kwa simu alianzia pamoja: kanuni ya theluthi. Mistari miwili ya kusimama, miwili ya kulala, na mtu unamuweka pale inapokutana, si katikati. Ni shauri zuri, sibishi. Lakini Lubumbashi tuko na foto nyingi za jua linazama nyuma ya bomba la moshi la Gécamines na terril, kile kilima cheusi cha mabaki ya kiwanda. Zimepangwa vizuri kabisa. Ndani hamna mtu hata mmoja.

Njo maana ninapenda turudilie Mémoire, kazi ya Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, ya mwaka 2006. Miaka 100 kamili tangu Union Minière ianzishwe. Baloji alipiga foto za rangi, pana sana, ndani ya viwanda vilivyokufa: mavyuma, kuta, udongo. Kisha akakata watu kwenye foto za zamani za ukoloni, nyeusi na nyeupe, wafanyakazi na wakubwa wazungu, akawasimamisha mule.

Angalieni vile macho yanatembea. Tumezoea kwamba rangi njo inaita macho. Hapa yote iko na rangi, basi yule wa kijivu njo anakukamata kwanza. Baloji hafichi alama ya mkasi, na ni vizuri: angelainisha kila kitu, tungeamini kwamba wazee wale wako pale leo, na uchungu ungeisha. Halafu ile nafasi tupu pembeni yao. Kwenye foto ya harusi tungesema mpiga foto ni mvivu. Hapa utupu ule ni kazi iliyokwisha, ni mishahara isiyokuja.

Kitu kimoja ninabishana naye. Wale wafanyakazi walipangwa na mpiga foto wa mukoloni: simameni, angalieni hapa. Baloji amebadilisha mahali, lakini mkao umebaki ule ule. Kuna picha ambamo ninaona bado mkono wa yule wa kwanza kuliko wake. Labda hakukuwa na njia ingine. Mtu wa archives hawezi kugeuka.

Tena, bandugu, musihukumu kazi hii kwa simu. Foto pana vile inakuwa kamba nyembamba, na watu wanakuwa sisimizi.

Sasa fungueni foto zenu za siku ya kupokea diploma. Toga iko kwenye theluthi, nyuma imefifia vizuri, mwangaza safi. Na pembeni, mara nyingi, kuna bega la kitenge limekatwa nusu: ni mama, yule aliyelipa minervali miaka mitano.